Kila Mtu wa Kliniki Nimempa Jibu Lake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujasoma mbele naomba usinicheke, na kama kicheko kitakushinda basi cheka upesi umalize ndipo unijibu, kwa sababu maji yamenifika shingoni na Jumanne haiko mbali.

Mimi ni kinyozi, nina saluni ndogo ya viti viwili, kimoja changu na kingine cha kinyozi mwenzangu, na kioo kimoja kirefu, na wateja wananiita Sawasawa kwa sababu ndilo neno langu. Mtu akikaa kitini akasema mambo ya nchi yanakwenda vizuri namwambia sawasawa, akija mwingine akasema nchi imeoza namwambia sawasawa, mume akimlalamikia mkewe namwambia pole, na mke akimleta mtoto kunyolewa akamlalamikia mume naye namwambia pole, na hivyo ndivyo nilivyoijenga kazi yangu, maana mtu uliyemwekea wembe shingoni hapendi kubishiwa, na mimi sijawahi kuona faida ya kubishana na mtu ninayetaka arudi.

Sasa mshauri, nina saratani ya damu. Usishtuke, mimi nimeshashtuka kwa niaba ya wote. Ni ile aina inayokwenda polepole, na dawa yake si ya kuchomwa bali ni vidonge vya kumeza nyumbani kila siku, na pale kliniki kwetu mgonjwa haachiwi daktari peke yake, wameunda timu, yupo daktari ambaye ni binti wa umri wa mwanangu mkubwa, yupo sista mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, yupo mfamasia mpole anayeongea kama anasoma yale maandishi madogo ya kwenye boksi la dawa, na yupo bwana mmoja wa maabara anayetoa damu. Kila ukienda unapita kwa wote chumba kwa chumba, na kila chumba kinakuuliza habari zako upya, na hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Daktari nilimwambia sina tatizo lolote. Mshauri nielewe, miezi ya mwanzo dawa ilifanya kazi vizuri mno, binti wa watu akageuza kompyuta nione mstari wa ugonjwa unavyoshuka, akafurahi mpaka akamwita sista aje atazame, akasema mimi ni mgonjwa wa mfano, na mimi tangu shule sijawahi kuwa mfano wa kitu chochote isipokuwa kile ambacho wengine walikatazwa kukifanya, basi nikaionea utamu ile sifa, na tangu siku hiyo kila akiniuliza kama dawa inanisumbua namjibu hapana daktari, naona kama nameza pipi.

Sista yeye hamwamini mtu asiye na shida. Ukimwambia hujambo anakukazia macho mpaka ujihisi mwizi, kwa hiyo nikaona nimtafutie shida ndogo ya kumridhisha, nikamwambia miguu inaniwaka kwa kusimama kazini, akafurahi huyo, akanifundisha kujinyoosha ukutani mbele ya benchi zima la wagonjwa, na kila nikienda ananiuliza miguu vipi nami nampa habari za miguu, mara imepungua, mara imezidi kidogo, ili mazungumzo yasikauke. Mfamasia yeye anapenda utaratibu, kidonge pamoja na chakula, glasi kubwa ya maji, saa ileile kila jioni, basi mimi namrudishia maneno yake mwenyewe kama yalivyo, naye anatikisa kichwa kwa furaha.

Na nyumbani kuna mama watoto. Yeye amejiteua mlinzi wa dawa, kila jioni ananiwekea kidonge kwenye kisosi pembeni ya sahani na kusema, "Baba, anza na hicho chakula, hicho kingine kifuate, nakuangalia." Na kweli ananiangalia. Ila mkono wa kinyozi ni mwepesi, mshauri, na shati langu la kazi lina mfuko mkubwa.

Ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba vile vidonge vinanikakamaza vidole. Si miguu, ni vidole, hivi hivi ninavyoandikia. Nikiwa nimemeza jana yake, naweza kuwa katikati ya kichwa cha mtu mara kidole gumba kinajikunja chenyewe na kukataa kukunjuka, na asubuhi macho yamevimba wateja wananiuliza kama mama watoto amenipiga. Macho si kitu, lakini mtu ambaye vidole vyake vinajiamulia hawezi kushika wembe. Kwa hiyo siku za kuelekea mwisho wa wiki, ambazo wateja hujaa mpaka mlangoni, simezi. Kidonge kinaingia mfukoni, kesho yake nakihamishia kwenye kopo tupu la poda hapa saluni, kwa sababu kukitupa nimeshindwa, najua wapo watu wanaoililia dawa hii. Kisha wikiendi ikipita narudi kumeza kama raia mwema.

Nilidhani naendesha mambo vizuri. Daktari alikuwa amenipa hata kazi, nikiwa kwenye benchi niwatie moyo wagonjwa wapya, na hiyo kazi naiweza kuliko kunyoa. Mara ya mwisho alikuwapo fundi ujenzi mmoja, kijana wa mikono mipana, ameanza dawa kama yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, wewe vidole havikukazi?" Nikamwambia hata kidogo, mimi ni mwaka sasa na ninanyoa kila siku. Akaitazama mikono yake, akaificha katikati ya magoti.

Basi juzi mfamasia akaja kunyolewa, maana ni mteja wangu, tulikuwa wawili tu, povu liko kisogoni na wembe uko nyuma ya sikio, akasema, "Sawasawa, Jumanne tulikuongelea sana."

Nikamuuliza, "Mlikuwa nani na nani?"

"Sote. Kila Jumanne asubuhi kabla ya kufungua mlango tunakaa chumba cha chai, tunampitia mgonjwa mmoja mmoja, kila mtu anasema alichosikia kwake."

Mshauri, muda wote huo mimi nilidhani wale watu kila mmoja yuko chumbani kwake kama wapangaji wasiosalimiana.

Akaendelea, "Majibu ya damu yako yameanza kuharibika. Daktari anaona dawa imeshindwa, anataka kukuhamishia nyingine. Mimi na sista tumemwomba asubiri kidogo, maana kuna kitu hakikai vizuri. Kila mtu pale mezani alikuwa na Sawasawa wake."

Hapo nikamkata. Si sana, ncha ya sikio tu. Akauliza, "Mkono umekaza?" Na mimi, badala ya kuipokea bahati niliyowekewa mkononi, nikasema, "Hapana, ni huu wembe, mkali mno." Akaondoka na pamba sikioni, akaniachia ujumbe kwamba Jumanne ijayo niende na mke wangu, tutakaa wote meza moja.

Sasa mshauri, nishauri. Nichague jibu moja kati ya yale niliyotoa na kulishikilia, na kama ndivyo, lipi litaumiza watu wachache? Au nisafiri? Nina shemeji mbali ambaye sijamtembelea muda mrefu. Au nikivimeza kwa mkupuo vile vilivyomo kwenye kopo, damu itarudi sawa kabla ya Jumanne? Yule bwana wa maabara ndiye peke yake ambaye sijamdanganya, kwa sababu hajawahi kuniuliza kitu, anasema tu kunja ngumi. Sitaki kumuaibisha binti wa watu aliyenisifia, sitaki sista ajue miguu yangu ni mizima, na mama watoto akisikia sijui nitalala wapi. Pia sitaki kufa, hilo nililisahau kuliandika mapema.

Ni mimi,
Sawasawa, kinyozi wa kila mtu

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Sawasawa, nilicheka. Ulinipa ruhusa nami nikaitumia yote, mpaka nilipofika kwa fundi ujenzi na mikono yake, hapo kicheko kikanikauka. Barua yako nimeirukisha foleni, nimewaacha wasomaji kadhaa wenye wapenzi wawiliwawili wasubiri, kwa kuwa wao hata wakikosea wiki hii wiki ijayo watakuwapo.

Nianze na kopo. Usithubutu kumeza vidonge hivyo kwa mkupuo. Nisome vizuri hapo, ndugu yangu, rudia mstari ikibidi. Dawa uliyoiruka haifidiwi kwa kujishindilia, na mtu anayemeza akiba ya wiki nyingi ili afaulu mtihani wa Jumanne anaweza asiifikie hiyo Jumanne. Vilevile, dawa ya saratani haikai kwenye kopo la poda katika chumba ambacho watu wanaingia na kutoka. Kuna siku mteja atataka kupakwa poda shingoni, au mtoto atafungua akidhani ni peremende. Kopo hilo lifunge, liweke mahali ambapo hapafikiwi na mtu mwingine, kisha umrudishie mfamasia mkononi. Usitupe chooni, usimpe mgonjwa mwenzako, hata kama unaona ni huruma.

Sasa tuje kwako mwenyewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Binti wa watu alikusifia kwa kuwa damu yako ilikuwa nzuri, wewe ukadhani amekusifia kwa kuwa hulalamiki, ukaanza kuitunza sifa na kuiacha damu. Nakuelewa, na sikuoni mtu mbaya. Ni mtu mwenye ulimi laini ambaye kazi yake imemfundisha kumridhisha kila anayekaa mbele yake, ila pale kliniki umesahau kwamba anayekaa kitini ni wewe. Mteja akikaa kwako ukamuuliza wembe unamuuma, naye kwa adabu akasema hauumi, utaendelea na wembe uleule mpaka ngozi iwake. Kosa ni la nani? Ndivyo ulivyomfanya daktari wako. Na usimtaje bwana wa maabara kana kwamba yeye hana habari. Damu haijui adabu ya saluni. Imemwambia yeye yote uliyowaficha wenzake, na wala hakuiuliza.

Umeniuliza ni jibu gani litaumiza watu wachache. Nikuulize mimi, unajua likiachwa hivi lilivyo nani ataumia? Daktari anaona majibu mabaya na mgonjwa anayeapa kwamba anameza kila siku. Kwa akili yoyote timamu ataamua dawa imeshindwa. Atakubadilishia. Dawa za ugonjwa wako si nyingi kama mitindo ya nywele, ndugu. Kila moja ni akiba. Ukimwacha aivunje akiba ya pili kwa sababu ya ya kwanza ambayo hukuijaribu sawasawa, siku utakayoihitaji kweli utakuta ulishaitumia kulinda heshima ya miguu. Nimemuuliza pia mfamasia mmoja ninayemwamini, si huyo wako mwenye pamba sikioni, akaniambia jambo lingine: ugonjwa huu ukipigwa siku kadhaa kisha ukapewa likizo, kisha ukapigwa tena, unaweza kujifunza kuizoea dawa. Wikiendi zako zinaufundisha.

Lakini cha kunitia uchungu ni kwamba vidole vyako vina dawa. Kukakamaa ni jambo ambalo wale watu wanalijua, wanalisikia kila wiki kwa wagonjwa wasio na adabu kama yako. Pengine watakuhamishia saa ya kumeza, pengine watapima kama mwili umepungukiwa madini fulani, pengine daktari atakigusa kipimo cha dawa. Hiyo ni kazi yao, si yangu wala yako. Wewe umekaa mwaka mzima unamhangaisha sista na miguu mizima wakati angekuwa anakusaidia vidole. Nina hakika kuhusu sista kwamba yule mwanamke hajawahi kuiamini hiyo miguu. Yeye na mfamasia ndio waliomwomba daktari asubiri, naye hakufanya hivyo kwa ajili ya kujinyoosha ukutani.

Meza ya Jumanne inakutisha kwa sababu unaifikiria kama baraza la kukusuta. Ni kweli watakuuliza, na daktari anaweza kununa kidogo, naye ana haki, ni binti mdogo na umemfanya ajivunie kitu ambacho hakikuwapo. Lakini jiulize kwa nini watu wenye kazi tele wanaamka mapema kukaa chumba cha chai na kugombana kuhusu kinyozi mmoja. Kila mmoja alileta Sawasawa wake kwa nia ya kumuunganisha awe mtu mzima, vipande vikagoma kushikana. Sasa wanamngoja mwenye vipande.

Haya, shika kalamu, maana najua kichwani utayageuza yawe matamu.

Shemeji wa mbali mwache apumzike. Usisafiri. Leo hii ukishafunga saluni mpigie sista simu, usingoje Jumanne, na sentensi iwe ya kwanza, kabla ya salamu za familia, la sivyo utaanza kumuuliza hali nawe hutaifikia: "Sista, simezi dawa kila siku, ninaruka siku za kazi nyingi kwa sababu vidole vinakakamaa." Kisha nyamaza. Ujuzi wa kunyamaza baada ya sentensi ya kweli huna, utaupata hapohapo. Atakachokuambia kuhusu kidonge cha leo jioni ndicho ufanye, hata kama ni kinyume na mimi. Na mpaka vidole vitakapotulia, wembe mkabidhi mwenzako wa kiti cha pili, wewe kamata mashine, kwani masikio ya watu ni mawili tu kila mmoja.

Jumanne ukifika, usipitie moja kwa moja kwenye meza yao. Pitia benchi kwanza. Fundi ujenzi akiwapo, kaa karibu naye umwonyeshe kidole gumba chako kikiwa kimejikunja, umwambie, "Mimi pia." Asipokuwapo, mwombe sista ampigie. Yule kijana aliondoka pale akiamini kwamba yeye peke yake ndiye dhaifu, na mtu akishaamini hivyo huacha dawa kimya kimya bila kumsumbua mtu. Hilo ndilo deni lako kubwa kuliko yote uliyoniorodheshea, nawe uliliandika kama jambo la kupita.

Limebaki la mama watoto, nami sikuliweka mwisho kwa bahati mbaya. Umwambie leo, kabla ya simu ya sista, kabla hajakaa mbele ya watu Jumanne na kusikia kutoka kwao kwamba kisosi chake kilikuwa mchezo wa kuigiza. Mwambie akiwa ameketi. Mwonyeshe mfuko wa shati. Atafoka, na kama ni mwanamke ninayemfikiria, atafoka mpaka chakula kipoe, na kesho asubuhi ataanzia alipoishia. Usimwambie sawasawa. Usimwambie pole. Kaa hapo umsikilize mpaka amalize, na ushukuru kila neno, kwa sababu marehemu hafokewi.